Kadiri ya Sikio

Kwanza nilitenga elfu ishirini.
Niliandika kwa penseli, si kwa kalamu,
maana mwalimu wa hesabu anajua
tarakimu ipi ina miguu.

Bwanaheri, fundi wa pale Langoni,
akaifungua spika yangu ya zamani kwa bisibisi:
kutu imechanua kama uyoga,
koni imetoboka, chumvi imefika hadi kwenye sumaku.
"Hii, mwalimu, haiimbi. Inapiga chafya."
Nikamuuliza, nzuri ni pesa ngapi?
Akanijibu kwa swali, kama daktari wa meno:
"Chumba chako kina upana gani?"

Upana wa boriti, nikamwambia.
Nyumba zetu za Mkomani ndivyo zilivyo:
mkoko ulipokoma, ukuta ukaanza.
"Basi usinunue spika ya uwanja wa mpira
ukaitia katika mfuko wa shati."

Malindi, dukani kwa Pravin, mna kipupwe na zulia
na kiti kimoja cha kusikilizia.
Jozi ya elfu ishirini:
gambusi ilitoka imevaa kanzu ya mtu mwingine.
Jozi ya elfu sabini na sita:
nilisikia kucha ikigusa uzi.
Jozi ya laki tatu na nusu:
nilisikia kucha ile ile,
na pengine, nilipokaza shingo,
uchafu ulio chini ya kucha.

Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni mkondo wa kuvuka.
Kutoka ya pili hadi ya tatu ni mfereji wa kuruka,
na nauli yake karibu mara tano.
"Hii utawaachia wajukuu," alisema Pravin.
Nikawafikiria wajukuu. Nikaifikiria chumvi.
Chumvi ya Lamu haisomi lebo.

Zuena naye alikuwa na orodha yake:
dari, chokaa, ada ya Mwanasiti ya muhula wa pili.
Nilimwambia elfu arobaini.
Miaka ishirini na sita nasahihisha madaftari ya watu,
na hilo ndilo jibu nililoandika.

Punda alizileta kutoka gatini,
sanduku ubavu huu, sanduku ubavu huu,
amelingana sawasawa kuliko mimi.

Usiku nikatia kanda ya marehemu baba,
ya mwaka sabini na tisa, anajifunza gambusi,
anakosea pale pale anapokosea siku zote.
Nimeisikia mara mia.
Safari hii, nyuma ya uzi wa tatu,
mbali, kama aliye chumba cha ndani,
mwanamke anasema:
"Pija taratibu, mwana ulele."

Mama.
Na mwana ni mimi.
Baba akakohoa, uzi ukainama.
Miaka yote hiyo maneno yale yalikuwamo mle,
na mimi nikidhani ni mkwaruzo wa kanda.

"Arobaini, ulisema," Zuena akanena gizani.
Karatasi ya Pravin alikuwa ameipata tangu adhuhuri,
katika mfuko wa kikoi, wakati wa kufua.
"Sabini na sita," nikasema.
Akanyamaza. Nikahesabu hadi kumi na moja.
Kisha akauvuta mkeka wake mbele:
"Irudishe nyuma. Pale pa mama."

Masika hayakungoja mshahara.
Dari ilivuja mahali pawili, nasi tukatega beseni mbili,
ya bati upande wa kushoto, ya plastiki upande wa kulia.
Umeme ulikuwa umekatika.
Tuliketi kwenye alama ya chaki
ambayo Bwanaheri alituchorea sakafuni,
na tone likawa linalia huku, jembamba,
na huku linajibiwa, zito, la besi.

"Wasikia?" Zuena akaniuliza.
"Na hizi hatukulipa hata senti."